Natunga riwaya: mke anayepigwa anarudi zamani kupitia mbuyu wa Kaole. Nikosoeni kabla sijaipandisha

KalamuYaMbagala (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu, na dada zangu mliomo humu. Mi natunga hadithi za kwenye magrupu ya wasapu, zile za sehemu tano za mwanzo bure halafu zilizobaki unalipia buku. Wasomaji wangu wengi ni wanawake na muda sasa wananisumbua inboksi nitunge ya mke anayetoka kwenye ndoa ya kipigo, ila wanataka na mapenzi humo humo wasije wakalia mwanzo mwisho. Nikawaza nichanganye na mambo ya mtu kurudi zamani, maana huku kwetu naona wanaogusa hiyo kitu ni wachache.

Stori iko hivi. Steringi anaitwa Rehema, anakaa Mbagala Rangi Tatu, anauza vitumbua asubuhi. Mumewe Kassim ni fundi magari, mtaani kila mtu anamsifia, msibani yuko mbele, msikitini yuko mbele, akishafunga mlango wa chumba anakuwa mtu mwingine. Simu ya Rehema anaisoma yeye kwanza. Meseji za miamala anazihesabu jioni alinganishe na unga uliotumika siku hiyo, na Rehema akichelewa sokoni anampigia video kol azungushe kamera aonyeshe nani yuko pembeni. Siku moja wanaenda Bagamoyo kwenye harusi ya ndugu, usiku Kassim anampiga, alfajiri Rehema anatoka na kanga zake anatembea mpaka magofu ya Kaole. Mnaujua ule mbuyu wa pale, waongozaji huwaambia wageni ukiuzunguka unaongezewa umri. Yeye anauzunguka kinyume. Anajikuta 1874 mwezi wa pili, siku ambayo mwili wa Livingstone unaingizwa Bagamoyo. Hapo anakutana na nahodha wa jahazi, Mbaruku, mtaratibu, anasoma nyota, wanapendana, wanavuka Unguja wanaoana, mwisho. Kassim huku anabaki kuchanganyikiwa.

Naomba mniambie: mwaka uko sawa? Mapenzi yaanze sehemu ya ngapi? Na mwisho abaki kule au arudi? Kosoeni bila huruma ila mama yangu mumuache.

---

KarafuuKavu

Mkuu mbuyu nimeupenda, mwaka ndo sijaupenda kabisa. Unajua Bagamoyo ya 1874 ilikuwa nini? Ndo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa pale Mkunazini, Unguja, Sultani Barghash alilifunga mwezi wa sita 1873 baada ya kubanwa na Waingereza, kwa hiyo Rehema wako anatua miezi michache baadaye, biashara imehamia gizani, watu wanaswagwa kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini na wengine wanavushwa usiku, mpaka 1876 ndo Barghash akapiga marufuku na hiyo misafara ya nchi kavu. Sasa mwanamke peke yake alfajiri, hana ukoo, hana anayemjua, anaongea Kiswahili cha ajabu, wa kwanza kumuona hamuulizi jina, anamuuliza wewe mtu wa nani. Akikosa jibu basi kufika magharibi atakuwa ameshapewa jibu na mtu mwingine. Na huyo nahodha wako mpole wa miaka ile usinidanganye jahazi lake halijawahi kubeba mtu, hilo lazima msomaji aliulize na wewe uwe na majibu.

Ukilazimisha 1874 sehemu salama naiona moja, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Walishafika Bagamoyo tangu 1868, wana kijiji cha watu waliokombolewa, na ndo hapo mwili wa Livingstone ulilazwa watumishi wake, akina Chuma na Susi, walipoufikisha. Lakini pale naye atakuwa chini ya mapadri, alime wapi na aolewe na nani kuna watu wana usemi juu yake. Katoka kwa bwana mmoja kaingia kwa wengine.

Mi ningempeleka 1924. Unguja utumwa ulifutwa kisheria 1897, ila masuria waliachwa nje ya ile amri mpaka 1909, na bara Waingereza wakamalizia 1922. Kwa hiyo mwaka huo mwanamke akitembea peke yake anasengenywa tu, hauzwi. Halafu mvushe aende Unguja, mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari pale Darajani, huko kulijaa watu waliotoka utumwani au waliotoka mashamba, na wanawake wengi wakawa na nyumba zao wenyewe, wanapangisha vyumba. Mama mwenye nyumba wa Ng'ambo ambaye na yeye hana ukoo anampokea binti asiye na ukoo, mbona hiyo ni stori tosha. Siti binti Saad yupo anaimba, alitoka Fumba ambako alikuwa anauza vyungu, aliolewa akaachika, akahamia mjini 1911. Hajaenda Bombay kurekodi bado, hiyo ni 1928. Usimfanye rafiki wa Rehema tafadhali, watunzi mna tabia hiyo, mpitishe tu kwenye harusi moja akiimba basi.

Na hela. Noti yake ya elfu kumi yenye tembo haitanunua hata andazi, Unguja walikuwa wanatumia rupia mpaka mwisho wa 1935.

---

mwali_wa_Tanga

Jamani mi nina swali dogo. Huyu Rehema hana mtoto?

---

KalamuYaMbagala

Anaye dada, wa kike, Nasra, miaka 4. Nimemuweka kwa bibi yake Kibiti ili asiharibu stori.

---

mwali_wa_Tanga

ASIHARIBU STORI 😳 kaka yangu hujawahi kuwa mama wewe. Mi nakuhakikishia hapo sehemu ya tatu unapoteza grupu zima. Yaani mwanamke anakaa jahazini anaonyeshwa nyota na mwanaume huku mtoto wa miaka minne kamuacha dunia ambayo Kassim anajua Kibiti ni wapi? Msomaji hatasikia hata neno moja la mapenzi, atakuwa anawaza Nasra kala nini, Kassim kaenda kumchukua au vipi. Mtoto ndo kamba ya hawa wanaume, mwanamke akiondoka mtoto anachukuliwa ili mama arudi mwenyewe. Ama uende naye kwenye mbuyu ama usimpe mtoto kabisa.

---

ChocheaKuni

Mimi naangalia upande wa huku mlioukimbia. Kassim kampiga mkewe usiku nyumba imejaa wageni wa harusi, ukuta mwembamba watu wamesikia. Asubuhi mke hayupo. Simu ipo, viatu vipo, nauli hana. Unafikiri mtaa utasema kasafiri kwenda 1924? Mtaa utasema kamuua kamzika. Polisi wanakuja wanachimba nyuma ya gereji, mama yake Rehema anaanguka pale barazani, Kassim anaingia ndani kwa mauaji ambayo hajafanya. Na kuna wasomaji watashangilia kabisa, safi sana aozee huko. Wengine watasema hapana, haki ni haki hata kwa mshenzi.

Hiyo ndo riwaya mkuu, acha nyota. Rehema kule anashona kofia ana amani, hajui kama huku yeye ni marehemu.

---

KalamuYaMbagala

Chochea umenipiga na kitu kizito kichwani. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo, nilimwacha Kassim anachanganyikiwa tu kama kwenye muvi. Sasa hapo akijua si atataka kurudi?

---

ChocheaKuni

Ndo ujue hapo sasa. Anarudi kumtoa jela mtu aliyekuwa anamvunja mbavu? Mi sijui, ila ningelipa buku niisome.

---

MamaWawili_Tmk

Mwandishi, mimi nimetoka kwenye ndoa kama ya Rehema na sikuizi nawasaidia wanawake wa mtaani kwetu kuandika malalamiko na kuwasindikiza kwenye dawati la jinsia la polisi, kwa hiyo naomba nikuambie kitu kimoja ambacho hadithi nyingi zinakosea.

Hakuna anayeondoka alfajiri moja kwa sababu ya kipigo cha usiku ule. Usiku ule unakuwa umelala chini na mwili unauma, unachowaza ni kesho upike nini usije ukapigwa tena. Kuondoka kunaandaliwa siku ambazo hajakugusa, tena siku anazokuletea chipsi kuku na kuomba msamaha, ndo siku una nguvu ya kuwaza. Mimi hela yangu ilikaa ndani ya pakiti ya pedi kabatini, kwa sababu alikuwa anapekua kila kitu, mpaka ndani ya mfuko wa mkaa, ila ile pakiti alikuwa anaona kinyaa kuigusa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilitangulia kwa jirani ndani ya ndoo ya unga. Nguo sikubeba nyingi, zingine niliziacha zimeanikwa kambani makusudi, akirudi aone zinapepea ajue nipo. Nilikuwa namuaga huku nampikia.

Kwa hiyo kama Rehema anajikwaa tu kwenye mbuyu akiwa analia, mbuyu umemwokoa, yeye hajafanya kitu. Mpe maandalizi. Aombe mwenyewe waende ile harusi ya Bagamoyo. Awe ameshasikia habari za ule mbuyu kwa mtu, pengine kwa bibi yake, na awe amembeba Nasra siku hiyo kwa kisingizio cha kuwa mtoto wa maua. Msomaji ambaye anaandaa ya kwake kimya kimya ataona na kuelewa, na wapo kwenye grupu lako hao, usidhani hawapo.

Kingine, hatari kubwa kuliko zote ni pale mwanaume anapojua unaondoka au umeshaondoka. Si kabla. Hapo ndo wengi wanauawa. Kwa hiyo njia ya Bagamoyo mpaka Kaole ndo sehemu ya kutisha kuliko zote, usiipitishe kwa mistari miwili, mtoto mgongoni, na kuna bodaboda anakuja nyuma yake na taa.

Na kama atarudi huku, arudi na akili ya sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kama adhabu, iko pale tangu kabla Kassim hajazaliwa na watu mpaka leo wanashangaa nikiwasomea. Kwa polisi achukue PF3, ile fomu ya aliyeumizwa, kwanza ndo aende hospitali, nakala aweke mbali na nyumbani. Talaka ya mahakamani inataka apitie baraza la usuluhishi la ndoa, na hapo ujiandae kwa maneno, mi kuna wazee walinikalisha wakaniambia mwanaume ni kama mtoto mvumilie atakua. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Ila barua ya baraza ndo nilikuwa naihitaji, nikaichukua nikasema asanteni.

---

shosti_msomaji

Mama pole sana, na asante. Lakini na mimi niseme upande wa sisi tunaonunua. Mi nikifika sehemu ya sita sijamuona mwanaume wa maana nasepa, nisamehe bure, nishatoka kazini nimechoka sitaki semina. Weka hizo PF3 zako ila Mbaruku aingie mapema, hata kama ni kwa mbali, anapita na jahazi, sauti yake tu anawaimbia mabaharia. Na awe na kifua.

---

UstadhWaJirani

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya mpaka nikashindwa. Ndugu mwandishi, Rehema ni mke wa mtu. Hajaachwa, hajajivua, hajafika kwa kadhi, na wewe unamuozesha nahodha. Najua utaniambia mume mwenyewe 1924 hajazaliwa. Mume aliyepotea vitabu vinamjua, mume ambaye hajazaliwa mimi mlango wake sijauona 😄. Lakini yeye mwenyewe moyoni anajua alitamkiwa nikahi mbele ya walii wake, msimamizi wa kumuozesha, na mashahidi, na kama ni mwanamke wa dini kama ulivyomchora, hilo litamkosesha usingizi. Usiliruke, ni chumvi ya stori.

Sasa nakupa njia. Kujivua kwa kurudisha mahari kunataka mume akubali, na mume ndo huyo hayupo. Kwa madhehebu ya Kishafi, ambayo ndo watu wengi wa Unguja wanayafuata ingawa Masultani walikuwa Ibadhi, kuvunjiwa ndoa kwa sababu ya kipigo peke yake lilikuwa jambo zito. Mlango mwepesi zaidi ni matumizi, mke anayesema mume hanilishi na hakuacha kitu. Aende kwa kadhi aseme hivyo, na atakuwa hajasema uongo hata kidogo maana tangu lini Kassim alimlisha, vitumbua ndo vilikuwa vinalisha nyumba. Kadhi mkubwa wa Kishafi miaka hiyo alikuwa Sayyid Ahmed bin Sumeyt, mwanachuoni hasa, alifariki 1925. Mimi nisingemtia maneno mdomoni mtu kama yule, mpeleke kwa kadhi mdogo usiyemtaja jina.

Akishavunjiwa anakaa eda, tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi. Baada ya hapo akitaka kuolewa na hana walii wa ukoo, kadhi mwenyewe anasimama walii wake. Hapo ndo nahodha abishe hodi.

---

KarafuuKavu

Ustadh umenifungulia kitu. Mwandishi sikiliza, hii inakaa na pepo kabisa. Majahazi yanatoka Unguja kwenda Lamu mpaka Arabuni kwa pepo ya kusi, kuanzia mwezi wa nne hivi, na yanarudi na kaskazi, Disemba mpaka Machi. Rehema anafika Machi, Mbaruku anamvusha kutoka Bagamoyo, wanaonana siku chache, kusi inaanza, anaondoka. Sio kwamba kamkimbia, pepo ndo inavyotaka. Katikati hapo una miezi ya mwanamke na mtoto peke yao Ng'ambo, anajifunza kushona kofia, anarudi kwenye vitumbua vyake kwa mkaa na rupia za watu, kesi kwa kadhi, eda inaisha, na hakuna mwanaume hata mmoja anayemsaidia. Shosti wa hapo juu naye anapata kifua chake sehemu ya nne, halafu anamsubiri kama Rehema anavyomsubiri. Disemba matanga yanaonekana, wakati huo yeye ana chumba chake kalipia mwenyewe, sasa akimkubali anamkubali kwa kupenda.

---

Pwani_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Stori tamu wallahi, ila mbona hamuongelei wivu? Hizi riwaya za mitandaoni mwanaume anamshika msichana mkono kwa nguvu, anampokonya simu, na watu kwenye komenti wanaandika ooh huyo ndo mwanaume anapenda. Huku kwetu tuna sheria tangu 2015 ya kukinga watu na dhulma za nyumbani, mahakama inaweza kukupa amri mtu asikukaribie, na ukiisoma unakuta kufuatwafuatwa na kunyimwa hela mpaka kutishwa yote yamehesabiwa humo, sio ngumi peke yake. Kassim hakuanza na kofi, alianza na "nani huyo umemcheka". Sasa Mbaruku akirudi safari akikuta Rehema anaongea na muuza samaki, atafanya nini? Hapo ndo nitajua kama umeandika mwanaume mwingine ama umeandika Kassim na kilemba.

---

shosti_msomaji

Kassim na kilemba 😂😂 nimekufa. Lakini ni kweli. Mi binafsi hizo za kupokonywa simu nilikuwa nazipenda, ngoja nikae kimya.

---

MamaWawili_Tmk

Pwani umesema kweli tupu. Na mimi niongeze, Rehema naye asibadilike ghafla kwa sababu kapata mtu mzuri. Mi mpaka leo nikisikia funguo zinaingia kwenye kitasa naacha nilichoshika. Mume niliyenaye sasa amejifunza kupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha, aliona tu. Mbaruku mpe kitu kama hicho, kidogo, asikitangaze.

---

KalamuYaMbagala

Wakuu na dada zangu nimekaa na daftari hapa tangu saa mbili. Naona iwe hivi, semeni kama nimeharibu.

1924, Machi. Nasra yuko mgongoni. Safari ya Bagamoyo kaipanga Rehema mwenyewe, pakiti ya pedi nimeomba kuitumia kama Mama utaniruhusu. Mbaruku sehemu ya nne, anaondoka na kusi sehemu ya saba. Kadhi, eda, chumba. Anarudi Disemba, muuza samaki yupo. Sehemu zingine zinakuwa za huku, fupi fupi, polisi wanachimba gereji, Kassim ndani, mama yake Rehema kila siku anapeleka picha yake na ya mjukuu stendi. Kwa hiyo muda wa huku na wa kule unaenda sawa, mwaka kwa mwaka, sitacheza nao.

Swali la kurudi ndo limenishika shingo. Atajuaje kama huku Kassim ana kesi ya mauaji? Hakuna simu 1924. Na akijua, anamuachaje Nasra aliyeshazoea?

---

ChocheaKuni

Asijue. Arudi kwa sababu ya mama yake. Ana mama Kibiti ambaye hajamuaga, hiyo inatosha kabisa mtu kurudi. Anatokea kituoni kusema mimi mzima, anakuta jalada lina picha yake, na askari anamwambia bahati yako mama, mumeo tunamtoa leo. Halafu sasa yeye ndo ana saa chache za kuamua anaandikisha kesi yake ya kipigo au anarudi mbuyuni kabla Kassim hajatoka geti la gereza.

---

MamaWawili_Tmk

Hata jalada likifungwa leo karatasi zina mlolongo wake, hatoki siku hiyo hiyo, kwa hiyo siku chache anazo. Aandikishe. Mashahidi anao, nyumba nzima ya harusi ilisikia ule usiku, na safari hii wameshatoa maelezo polisi wakidhani wanamsemea marehemu. Yamo kwenye jalada tayari, kwa saini zao, hawawezi tena kusema hatukusikia kitu.

Pakiti ya pedi tumia, ila sema ilikuwa juu ya kabati, ndani ya begi la nguo za kitoto zilizombana. Ya kwangu iache ya kwangu.

---

shosti_msomaji

Na Mbaruku je jamani??

---

KarafuuKavu

Mbaruku anasubiri kaskazi kama kawaida. Mwandishi, sehemu ya kwanza ikiwa tayari nitag, rupia na majina ya mitaa nitakupitishia bure. Miembeni na Kikwajuni usizichanganye, watu wa Unguja watakula nyama yako.